Namna ya Kubadili Mtazamo wa Wanafunzi Kuhusu Bakteria wa Kwenye Chakula

Kwa wanafunzi wengi wanaoanza sekondari, bakteria ni jina jingine la ugonjwa, na si ajabu, kwa kuwa mabango ya kipindupindu na matangazo ya sabuni yamewaambia hivyo tangu utotoni. Hofu hiyo ina manufaa yake, kwa hiyo mwalimu wa baiolojia asijaribu kuifuta, bali aipe mipaka. Kazi hiyo inawezekana kwa lita moja ya maziwa na dodoso fupi.

Anza na dodoso kabla ya kufundisha lolote. Andika sentensi chache ambazo mwanafunzi atazikubali, atazikataa au atasema hana uhakika, bila kuandika jina lake, kwani akijua kuwa atatambuliwa atajibu kile anachodhani mwalimu anakitaka. Sentensi zielekee pande zote mbili: “Chakula salama hakina bakteria hata mmoja”, “Mtu mwenye afya njema ana bakteria wengi tumboni”, “Maziwa yoyote yaliyoganda ni salama kunywa”, “Antibiotiki hutibu mafua”, “Wali uliolala nje ya friji ukipashwa moto vizuri hauwezi kumdhuru mtu”. Hii ya mwisho huwanasa hata watu wazima. Bakteria aitwaye Bacillus cereus hutengeneza spora, yaani umbo lake la usingizi lenye ganda gumu, zinazohimili kuchemshwa. Wali ukiachwa mezani usiku kucha spora hizo huota, na sumu ya kutapisha anayoweza kuitoa bakteria huyo haiharibiwi na moto wa asubuhi. Kusanya karatasi, hesabu majibu, na usisahihishe kitu kwa sasa.

Jaribio lenyewe lifanyike jikoni na si maabara, kwa sababu vyombo vya maabara vimeshika kemikali na sehemu ya matokeo italiwa. Chemsha maziwa, kisha yaache yapoe hadi nyuzi joto 45 hivi za Selsiasi; asiye na kipimajoto adondoshe tone kwenye kifundo cha mkono, nalo lisikike vuguvugu bila kuunguza. Yagawe katika mitungi mitatu yenye vifuniko, iliyooshwa na kusuuzwa kwa maji yaliyochemka. Wa kwanza utiwe vijiko viwili vya mtindi wenye bakteria hai. Wa pili utiwe vijiko viwili vya mtindi uleule, ila uliochemshwa ukapoa. Wa tatu usitiwe kitu. Soma lebo ya mtindi wa dukani kwanza, maana ukiwa umepashwa moto baada ya kuganda, bakteria wake wameshakufa na jaribio halitafanikiwa. Funika mitungi, ifunge kwa blanketi ndani ya kikapu, na uiache kwa muda wa saa sita hadi nane.

Mtungi wa pili ndio unaofundisha zaidi, ingawa walimu wengi wangeuacha. Wa kwanza ukiganda huku wa pili ukibaki majimaji, mwanafunzi hawezi tena kusema kwamba maziwa yameganda kwa sababu ya uchachu wa mtindi wenyewe. Ni lazima akubali kuwa kuna viumbe hai waliofanya kazi. Hapo ndipo pa kueleza kuwa bakteria kama Streptococcus thermophilus na Lactobacillus bulgaricus hugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi ya laktiki, na kwamba asidi hiyo ndiyo inayogandisha protini na kuwazuia bakteria wengi waharibifu. Karatasi ya kupima pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho namba yake hushuka uchachu unapozidi, itaonyesha tofauti: maziwa ya kawaida huwa karibu 6.6, na mtindi karibu 4.5. Mtungi wa kwanza tu ndio uonjwe, tena siku hiyohiyo. Mingine miwili ikae siku mbili zaidi, ikiwa imefunikwa, waone namna inavyoharibika, kisha imwagwe bila kuonjwa.

Baada ya hapo ndipo zungumzia mwili. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yaliweka bakteria katika mwili wa mtu mzima karibu trilioni 38, na seli zake mwenyewe karibu trilioni 30. Wengi wao wamo katika utumbo mpana, na baadhi yao hutengeneza vitamini K. Hata hivyo usiwasifu kupita kiasi: E. coli huishi tumboni bila shida, lakini zipo aina zake zinazoharisha damu, na mwanafunzi anapaswa kuzifahamu zote mbili.

Rudia dodoso lilelile baada ya wiki tatu au nne, si kesho yake. Usifurahie haraka ukiona hofu imepungua. Tazama kwanza sentensi ya maziwa yaliyoganda. Wanaoikubali wakiwa wameongezeka, somo limevuka mpaka, na inabidi urudi darasani na habari za brusela, bakteria wa ugonjwa wa mifugo unaoambukiza pia watu, ambao huingia katika maziwa mabichi kutoka kwa ng’ombe au mbuzi mgonjwa na wanaweza kubaki hai hata baada ya maziwa hayo kuganda.