Chanjo ya Surua kwa Mtoto: Jinsi ya Kuupata Wakati Unaofaa

Mtoto huzaliwa na kingamwili za surua alizozipata kwa mama yake kupitia kondo la nyuma, nyingi zikipita katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, na ndiyo sababu mtoto njiti huanza maisha na akiba ndogo. Akiba hiyo hupungua mwezi hadi mwezi, na huisha mapema zaidi kwa mtoto ambaye mama yake alichanjwa kuliko kwa yule ambaye mama yake aliwahi kuugua surua. Maziwa ya mama hayawezi kuirejesha.

Ugumu ni kwamba kingamwili hizohizo huvizima virusi vilivyodhoofishwa vya chanjo kabla mwili wa mtoto haujavitambua. Akichanjwa mapema mno, huenda chanjo isishike. Akicheleweshwa, hubaki bila kinga yoyote. Shirika la Afya Duniani hushauri dozi ya kwanza itolewe katika miezi 9 pale surua inapoendelea kusambaa, na katika miezi 12 pale ilipo nadra. Katika miezi 9 watoto wapatao 85 kati ya 100 hupata kinga. Katika miezi 12 hufikia takriban 95.

Basi fungua kadi ya kliniki leo, uangalie tarehe ya dozi zote mbili. Dozi ya pili, ambayo nchi nyingi huitoa kati ya miezi 15 na 18, ipo hasa kwa ajili ya watoto ambao ya kwanza haikuwashika, na kwa kuwa hakuna anayeweza kuwatambua kwa macho, kila mtoto huipata. Tarehe ikipita, mpeleke mara moja. Hesabu haianzi upya, mradi dozi mbili zipishane kwa wiki 4 au zaidi.

Wakati wa mlipuko, mtoto anaweza kuchanjwa tangu miezi 6. Hapa wazazi wengi hukosea: dozi hiyo huitwa dozi sifuri, na haipunguzi zile mbili za ratiba.

Kabla ya sindano, mweleze muuguzi iwapo mtoto ameongezewa damu hivi karibuni, anatumia dawa zinazoshusha kinga, au amewahi kupata mzio mkali. Mafua madogo si sababu ya kurudi nyumbani. Homa au vipele vichache vinaweza kujitokeza siku 7 hadi 12 baadaye, wakati ambapo wengi wameshaisahau chanjo yenyewe.

Mtoto asiyechanjwa akikutana na mgonjwa wa surua, chanjo ikitolewa ndani ya saa 72 inaweza kumkinga. Aliye chini ya miezi 6 huweza kupewa kingamwili za sindano ndani ya siku 6. Piga simu kituoni kabla ya kwenda, kwa sababu virusi hivi huweza kubaki hewani kwa muda wa hadi saa 2, na chumba cha kusubiria huwa na watoto wengine wachanga.