Paka wako ananuka mdomo? Usisingizie samaki

Sisi watu wa Lamu tuna kisingizio kimoja cha tayari, paka akinuka mdomo tunasema kala samaki. Na kweli kala, nani hajala samaki hapa? Paka wangu Kaniki alininukia kama miezi mitatu hivi, usiku akija kunilalia kifuani nageuza uso ukutani, na mi nasema tu ni yale matumbo ya samaki anayookota markiti. Mpaka siku moja nkamuona anakimbilia sahani kwa njaa, anakamata kipande kwa upande mmoja wa mdomo, anakiangusha, anarudi nyuma analia kama kachomwa. Ndo kumuinua mdomo, kumbe gego la juu lishaoza na ufizi umevimba mwekundu.

Sasa kipimo cha kwanza ni rahisi, mnuse asubuhi kabla hajala kitu. Harufu ya samaki wa jana usiku haikai mpaka asubuhi ikawa kali vile. Ukisikia harufu ya kidonda, au kama panya kafia darini, hayo ni meno na ufizi. Kuna harufu nyingine mbili za kujua. Ikiwa mdomo unanuka kama mkojo, ile harufu ya kwenye vichochoro wanapofungwa punda, na paka ni mzee, anakunywa maji sana na anakonda, hapo fikiria figo. Ikiwa ni tamutamu kama embe lililoiva kupita kiasi, huenda ni sukari, manake paka pia huugua sukari. Hizo mbili hazina habari na mswaki, mpeleke kwa daktari.

Kumuangalia mdomo usimlaze chali, utararuliwa. Kaa barazani kwenye mwanga, mpakate akiwa amekupa mgongo, mkono mmoja umshike kichwa kwa juu, halafu kwa dole gumba uinue mdomo wa juu upande wa shavuni, basi, huna haja ya kumpanua taya. Tazama magego ya nyuma juu, huko ndo ukoga hupenda kujenga, unaanza laini hauonekani, ukikaa siku mbili tatu unagandana, baadae unakua wa manjano, kisha kahawia kama kutu ya nanga. Pale jino linapoingia kwenye ufizi ukiona mstari mwekundu kama umechorwa na kalamu, ufizi umeshaanza kuugua. Paka mkubwa ana meno 30, wala usijisumbue kuyahesabu, yatazame tu kama kuna lililovunjika au ambalo ufizi umelipanda juu. Mtoto wa paka wa miezi minne mitano akinuka kidogo na ufizi ukawa mwekundu usishtuke sana, ni meno ya utotoni yanang'oka na ya ukubwani yanaota.

Na huku kwetu kuna jambo la miba. Paka aliyekua mzima asubuhi, mchana anatoka udenda na anajipangusa mdomo kwa mkono hachoki, mara nyingi kuna mwiba umekwama, na unapenda kukaa kama boriti juu kwenye kaakaa, toka magego ya huku mpaka ya kule. Mfunge kwa taulo kama mtoto mchanga, mtu wa pili amshike, ukiuona na umelegea utoe kwa kibanio taratibu. Lakini ikiwa ni ndoana, au unaona mshipi umezunguka chini ya ulimi ama umeteremka kooni, usivute hata kidogo, ule mshipi unaweza kumkata matumbo ndani. Mpeleke hivohivo ulivo. Na akikuuma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha nenda hospitali siku ileile, kichaa si cha mbwa peke yake.

Haya, mswaki. Ikiwa ufizi haujaoza unaweza kuanza mwenyewe nyumbani, ila kwa paka mwenye maumivu usithubutu, utamfanya akuchukie. Wiki ya kwanza hakuna mswaki, chovya kidole kwenye maji ya samaki uliyemchemsha bila chumvi umpake mdomoni, alambe, umuachie. Wiki ya pili zungusha kitambaa laini kwenye kidole usugue meno kwa nje, sekunde chache. Akishazoea ndo ulete mswaki mdogo wa mtoto mchanga, ule laini kabisa, uusimamishe kiupandeupande ukielekea kwenye ufizi, magego ya juu kwanza. Upande wa ndani achana nao, ulimi wake una miiba unajisugulia kiasi chake. Kila siku ndo vizuri, zikishindikana basi mara tatu kwa wiki. Mi humpiga Kaniki mswaki baada ya isha akiwa ameshachoka na mambo yake ya mtaani, na nusu dakika kila upande ikitimia nampa kipande cha samaki, kwa hivo sa hizi akiuona ule mswaki anakuja mwenyewe, wallahi.

Dawa ya meno ya watu usimpe, yeye hajui kutema ataimeza yote. Ipo ya paka, ukiikosa maji matupu yanatosha. Karafuu najua ndo dawa yetu ya jino tangu kwa mabibi, lakini kwa paka mafuta ya karafuu ni sumu. Na Panadol jamani, Panadol! Kidonge kimoja kinaweza kumuua paka, ini lake halina uwezo wa kuivunja dawa ile, damu inaharibika, ufizi unageuka rangi ya udongo na uso unavimba. Usimpe hata robo.

Ukoga ukishakua mgumu kama jiwe mswaki hautoi tena, wala usiukwangue na kisu. Daktari wa mifugo anampiga nusukaputi kwanza, ndo anasafisha mpaka chini ya ufizi na kung'oa yaliyooza. Mtu wa kwanza niliyempelekea Kaniki alinipa antibayotiki tu, harufu ikapungua wiki moja nkafurahi, ikarudi vilevile, manake chanzo bado kipo pale pale. Wa pili ndo akamng'oa matatu. Wapo wengine ufizi wote unakua kidonda mpaka kooni, hao hung'olewa karibu meno yote, na usimuonee huruma, paka kibogoyo anakula vizuri kuliko paka mwenye jino bovu.

Ila asipokula siku nzima usingoje ya pili na ya tatu, hasa akiwa mnene, ini la paka linaingia mafuta haraka akikaa na njaa. Baada ya kung'olewa mchambulie samaki wa kuchemsha, toa miba yote, hakuna chumvi wala ndimu, uponde na supu yake iwe ya vuguvugu kama ya mtoto. Kaniki siku ya kwanza alikaa anaitazama tu ile sahani, mi nshaanza kulia, mpaka paka wa jirani akachungulia mlangoni, hapo akaifuta yote.