Konvata Mbili za Ampea 10 Hazikupi Ampea 20

Kwenye mitambo ya simu ya volti 48, waya wa chanya ndio unaoungwa ardhini. Kwa hiyo kifaa cha volti 12 hupewa konvata (kifaa cha kubadili volti, hapa 48 kuwa 12) yenye transfoma ndani, ili umeme unaoingia usigusane na unaotoka. Sasa vifaa vimeongezeka, mzigo umefika ampea 16 na konvata inatoa 10. Unataka kufunga ya pili sambamba. Soma kwanza karatasi ya mtengenezaji: anaruhusu? Na konvata ikizidiwa, hushusha volti ikaendelea kutoa, au hujizima kisha ikajaribu tena? Hiyo ya kujizima ni ya kuogopa. Moja ikizima, nyingine inaachiwa ampea zote 16, nayo inazima, na mchezo huo hauishi.

Kubwa kuliko yote ni volti. Konvata haijui kama ina mwenzake: yenye volti ya juu hubeba mzigo, nyingine hukaa ikitazama. Tofauti ya asilimia 1 ni volti 0.12 tu, lakini inatosha kuharibu hesabu. Kinachosaidia kugawa mzigo ni ukinzani wa waya. Shaba ya milimita mraba 1.5, mita moja kwenda na moja kurudi, ina takriban ohmu 0.023. Gawanya 0.12 kwa 0.023: konvata zitapishana kwa ampea 5 na ushei, moja ivuke 10 na nyingine ibaki na 5. Sasa, kabla hujaziunganisha, zungusha skrubu ya kurekebisha volti hadi tofauti iwe 0.02. Zitapishana kwa chini ya ampea 1.

Ndiyo maana kila konvata ipewe jozi yake ya waya hadi kwenye mzigo, urefu sawa, unene sawa. Kutoka konvata ya kwanza kurukia ya pili ndipo uende mzigoni kunaokoa waya, lakini ni kazi mbovu. Kwa jozi hizo mbili utapoteza karibu volti 0.2 njiani; kifaa kisichovumilia hilo kinahitaji konvata zenye waya maalumu wa kugawana mzigo.

Dayodi, yaani vipitishi vya umeme upande mmoja tu, wengi huziweka wakidhani zinagawa mzigo. Kazi yake ni kuzuia konvata nzima isimwage umeme ndani ya iliyokufa, na kwa ampea 8 kila dayodi ya aina ya Schottky hula wati 3 au 4, basi itafutie bati la kupoozea.

Kila konvata iwe na fyuzi yake upande wa kuingia. Mzigo uwe na swichi yake, uwashwe baada ya konvata zote mbili kuwaka. Ardhi ya upande wa volti 12, kama ipo, ifungwe mahali pamoja tu. Kisha pima ampea za kila waya kwa mita ya kubana (inayoshika waya kwa nje), mzigo ukiwa kamili, na urudie baada ya nusu saa, kwa sababu joto husogeza volti. Ukiona moja imepita ampea 9, rudi kwenye skrubu.