Kuomba mkopo wa nyumba mkiwa wawili na kumbukumbu ya mikopo imechafuka

Nimekaa miaka mingi upande ule wa meza, upande wa anayesoma mafaili. Wanandoa wengi niliowaona wakitoka mikono mitupu hawakuangushwa na deni la zamani. Waliangushwa na deni ambalo mmoja wao alilisikia kwa mara ya kwanza mbele yangu. Kwa hiyo kazi inaanzia nyumbani.

Hatua ya 1: Fungueni ripoti zenu kwa pamoja

Kila mmoja aombe ripoti yake kwenye taasisi inayotunza taarifa za wakopaji. Kwa kawaida ndoa haiunganishi kumbukumbu zenu. Kinachoziunganisha ni mkopo mliouchukua pamoja. Lakini mkiomba nyumba kwa majina mawili, mkopeshaji atazisoma zote, na wengi wao humpima zaidi yule aliye dhaifu.

Msiishie kwenye alama ya jumla, ile namba moja inayofupisha ukopaji wako wote. Shukeni mstari kwa mstari, kalamu mkononi. Tafuteni deni mlilomaliza ambalo bado linasomeka liko wazi. Tafuteni mkopo wa mtu mwingine mwenye jina kama lako, na deni moja lililoandikwa mara mbili: kwa aliyekukopesha na kwa kampuni iliyolinunua. Halafu angalieni udhamini. Nakumbuka bwana mmoja aliyemdhamini ndugu yake, akasahau kabisa, na ndugu akaacha kulipa. Mkewe aliusoma ule mstari mara mbili, akafunga mkoba wake. Hatukuendelea siku ile.

Hatua ya 2: Safisheni kinachosafishika

Makosa yapingeni kwa maandishi, mkiambatisha risiti na barua ya kumaliza deni. Malimbikizo ya kweli yalipeni, kisha daini barua hiyohiyo. Neno la mdomo la mkopeshaji halina uzito kwenye faili. Deni lililochelewa likalipwa halisomeki sawa na lililofutwa kama hasara, yaani mkopeshaji amekata tamaa ya kulipwa, au lililofika mahakamani, kwa hiyo mkiwa na uwezo mdogo, anzeni na lile ambalo halijafika huko.

Anayewaahidi kuwafutia historia ya kweli kwa ada ya mapema mkimbieni. Taarifa sahihi haifutwi kwa kulipia. Hutoka muda wake ukifika.

Baada ya hapo, subirini. Mimi huwaambia watu miezi sita kwa uchache, mwaka ikiwezekana, marejesho yote yakienda kwa tarehe na bila mkopo mpya hata mdogo wa kwenye simu. Afisa anayesoma faili hutazama unaelekea wapi. Aliyeanguka miaka mitatu iliyopita akasimama ana nafuu kuliko aliyechelewesha mwezi uliopita.

Hatua ya 3: Majina mawili au moja?

Hapa msikurupuke. Mkiomba wote, kipato kinajumlishwa, ila kila mmoja anadaiwa deni zima, si nusu. Mwenzako akishindwa au akiondoka, benki inakugeukia wewe kwa salio lote. Akiomba yule mwenye kumbukumbu safi peke yake, riba inaweza kushuka, lakini kipato kinachohesabiwa ni chake tu, na mzigo wa kisheria ni wake.

Pia mtofautishe jina kwenye mkopo na jina kwenye hati ya nyumba. Ni vitu viwili. Nimeona mtu akilipa miaka kadhaa kumbe hati haimtaji. Ulizeni mwanasheria kabla ya kusaini chochote.

Hatua ya 4: Pigeni hesabu

Tuseme kipato chenu kwa mwezi ni 200,000, kwa fedha yoyote mnayotumia, na mikopo mingine inakula 30,000. Mkopeshaji akikubali marejesho yote yafike asilimia 40, kikomo ni 80,000, na nyumba inabakiwa na 50,000. Kwa riba ya asilimia 14 kwa miaka 20, hiyo inabeba mkopo wa kama milioni 4. Mkimaliza ile mikopo midogo kwanza, kipato kilekile kinabeba kama milioni 6.4.

Riba nayo msiidharau. Kila milioni moja kwa miaka 20 hurejeshwa kwa kama 11,011 kwa mwezi ikiwa riba ni asilimia 12, na kama 12,435 ikiwa 14. Tofauti inaonekana ndogo, lakini mwisho wa safari mmelipa zaidi ya 340,000 ya ziada kwa kila milioni. Ndiyo maana nasema subirini.

Kianzio kikubwa husaidia kuliko maneno matamu, mradi kionekane kikijengeka kwenye akaunti. Fedha nyingi zikiingia ghafla wiki ya maombi, utaulizwa zimetoka wapi.

Hatua ya 5: Andikeni barua ya maelezo

Ukurasa mmoja, bila kulia. Hivi:

"Kati ya Machi na Agosti mwaka juzi nilichelewesha marejesho sita ya mkopo wa gari baada ya kupunguzwa kazini. Niliajiriwa tena Oktoba, nikalipa malimbikizo yote Desemba, na tangu hapo sijachelewesha rejesho. Nimeambatisha barua ya ajira na risiti."

Tarehe, sababu, kilichobadilika, ushahidi. Basi. Barua zinazomlaumu mkopeshaji wa zamani huwa hazisaidii, hata pale mlalamikaji ana haki.

Hatua ya 6: Ombeni kwa mpangilio

Msitawanye maombi benki tano kwa mkupuo, kwani maombi kamili huacha alama kwenye ripoti. Ulizeni kwanza kama wana tathmini ya awali isiyoacha alama, na kama huwa wanawapokea watu wenye historia kama yenu. Mkikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi, mrudi hatua inayohusika.

Mkikubaliwa, tulieni. Wakopeshaji wengi hukagua ripoti tena kabla ya kutoa fedha, na nimeona idhini ikirudishwa nyuma kwa sababu ya makochi yaliyochukuliwa kwa mkopo wiki moja kabla. Makochi yasubiri mpaka funguo ziwe mkononi.