Jinsi ya Kupima Ubora wa Huduma katika Makao ya Uuguzi Nchini Marekani

Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili nchini Marekani huyafahamu makao ya uuguzi kwa upande wa kazi kabla ya kuyafahamu kwa upande wa mgonjwa, kwa sababu Wakenya, Watanzania na Wakongo wengi huanzia maisha ya huko katika ajira ya muuguzi msaidizi. Yeyote aliyewahi kushika zamu ya usiku akiwa peke yake na korido nzima ya wazee anajua jambo ambalo vipeperushi vya matangazo havilisemi: huduma hutegemea kwanza idadi ya watu waliopo kazini, na pili kama watu hao wamedumu hapo kiasi cha kumjua mzee aliye mbele yao. Mwongozo huu unaanzia hapo, na vigezo vingine vyote vinasomwa kwa jicho hilo.

Kabla ya kupima, hakikisha unajua ni nyumba ya aina gani. Zipo nyumba za wazee wanaojimudu kwa kiasi, ambazo hutoa chumba, chakula na msaada mdogo wa kila siku. Hizo husimamiwa zaidi na sheria za jimbo na hazimo katika takwimu zinazojadiliwa hapa. Makao ya uuguzi yanayolipwa na Medicare (bima ya afya ya serikali, hasa kwa wazee) au Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo), ambayo ni takriban 15,000 nchini kote, yanabanwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1987, inayotaka kila mkazi asaidiwe kufikia na kudumisha kiwango cha juu kabisa cha afya ya mwili na akili kinachowezekana kwake. Haki karibu zote zitakazotajwa hapa chini zinatokana na sheria hiyo na kanuni zilizoifuata.

Kusoma nyota

Tovuti ya Care Compare, inayoendeshwa na Medicare, huyapa makao nyota moja hadi tano, utaratibu ulioanza Desemba 2008. Nyota ya jumla ndiyo inayovutia macho, lakini imejengwa kwa alama tatu zenye asili tofauti, na ni lazima uzitenganishe. Alama ya ukaguzi hutokana na wakaguzi wa jimbo wanaofika bila kutoa taarifa. Alama ya wafanyakazi hutokana na kumbukumbu za malipo ambazo makao huziwasilisha kila robo mwaka. Vipimo vya ubora, kwa sehemu kubwa, hutokana na fomu ambazo makao yenyewe huzijaza kuhusu wakazi wake, na kwa hiyo mimi huviweka mwisho. Makao yenye nyota tano za vipimo vya ubora lakini nyota mbili za wafanyakazi yanapaswa kukutia shaka, kwani ni vigumu kueleza namna watu wachache kiasi hicho walivyoweza kuzuia vidonda na kuanguka kwa wazee kuliko jirani zao wenye watu wa kutosha.

Kumbuka pia kwamba alama ya ukaguzi hutolewa kwa kulinganisha makao ya jimbo moja peke yake: asilimia 10 bora hupata nyota tano, asilimia 20 za chini hupata nyota moja, na waliobaki hugawanywa katikati. Hivyo nyota nne za Texas na nyota nne za Minnesota hazisemi jambo lilelile, na familia iliyotawanyika katika majimbo mawili isizitumie kuamua mzazi aishi kwa nani.

Fungua kwa makini ukurasa wa wafanyakazi. Tazama saa za wauguzi waliosajiliwa, yaani wa daraja la juu la mafunzo, kwa kila mkazi kwa siku, kisha saa za wauguzi wasaidizi, na uzilinganishe na wastani wa jimbo ulioandikwa kando. Tangu mwaka 2022 ukurasa huo huonyesha pia saa za mwishoni mwa juma na kiwango cha wafanyakazi wanaoacha kazi ndani ya mwaka, na kwa maoni yangu namba hizi mbili zina thamani kuliko nyota zote. Kanuni ya kawaida ya shirikisho hudai muuguzi mwenye leseni, hata wa daraja la chini ya aliyesajiliwa, awepo saa 24 na muuguzi aliyesajiliwa awepo angalau saa 8 mfululizo kila siku, jambo ambalo maana yake ni kwamba makao yanaweza kutimiza sheria na bado yakakaa usiku mzima bila muuguzi aliyesajiliwa hata mmoja.

Ripoti ya ukaguzi

Makao hukaguliwa kwa wastani mara moja kwa mwaka, na isizidi miezi 15 kati ya ukaguzi mmoja na mwingine. Ripoti ya karibuni lazima iwekwe mahali ambapo mkazi au mgeni anaweza kuisoma bila kuomba, na ripoti za miaka mitatu iliyopita zitolewe zikihitajika. Isome yote, si muhtasari wake, kwa kuwa humo mkaguzi anaeleza alichokiona: mzee aliyeachwa na nepi iliyolowa tangu asubuhi, au dawa iliyotolewa kwa mtu asiyehusika.

Kila kosa hupewa herufi kuanzia A hadi L kulingana na uzito wake na idadi ya wakazi walioguswa. Makosa mengi huangukia herufi D, yaani hakuna aliyeumia lakini angeweza kuumia, na karibu kila makao yana machache ya aina hiyo. G hadi I maana yake kuna mtu aliyeumia kweli. J, K na L ni hatari ya papo hapo kwa maisha au afya. Tafuta hasa kosa linalojirudia mwaka baada ya mwaka, kwa sababu makao yaliyoahidi kwa maandishi kurekebisha jambo kisha yakakamatwa nalo tena yameshakuonyesha jinsi yatakavyoyashughulikia malalamiko yako. Alama nyekundu yenye kiganja cha mkono kwenye Care Compare huashiria makao yaliyopatikana na kosa la unyanyasaji.

Kwenda kuona mwenyewe

Ziara ya kwanza utaongozwa na mtu wa mapokezi ya wageni, nawe utaonyeshwa chumba cha mfano na saluni. Ikubali kwa adabu, kisha urudi bila miadi, jioni wakati wa chakula au Jumapili mchana, maana saa hizo ndizo zinazofichua upungufu wa watu. Karibu na mlango au kwenye dawati la wauguzi lazima pawe na karatasi ya siku hiyo inayoonyesha idadi ya wakazi na saa za wauguzi wa kila daraja kwa kila zamu. Ukiuliza ilipo na hakuna anayejua, hilo nalo ni jibu.

Simama koridoni kwa dakika chache na usikilize kengele. Kengele inayolia mara moja na kuchelewa kujibiwa si ajabu. Kengele tatu zinazolia huku wahudumu wakipita bila kuinua macho zinaonyesha mazoea. Harufu ya mkojo katika chumba kimoja huenda ni ajali ya dakika ile, lakini ikitanda korido nzima ni dalili ya watu kutobadilishwa kwa wakati, na manukato makali ya kupuliza yanapaswa kuamsha udadisi uleule. Watazame wakazi wenyewe: je, kucha zimekatwa, midomo imekauka, miwani na vifaa vya kusikia wamevaa au vimelala droo, jagi la maji liko mahali mkono wa mgonjwa unapofika? Wakati wa kula, hesabu mhudumu mmoja analisha watu wangapi, na uone kama anakaa na kusubiri mzee ameze au anasimama na kijiko cha pili mkononi.

Ukikutana na mhudumu anayezungumza Kiswahili, jambo ambalo katika miji mingi si la ajabu, usimtie mtegoni kwa kumwuliza kama mahali pale ni pazuri, kwa kuwa ana mkate wa kulinda. Mwulize tu kwamba usiku wa leo ana wakazi wangapi, na kama kesho atawahudumia walewale. Mkuu wa wauguzi mwulize amekuwapo kwa muda gani, na zamu ngapi za juma lililopita zilijazwa na wafanyakazi wa wakala, yaani wa kukodiwa kwa muda. Mkuu wa wauguzi anayejibu kwa namba ni bora kuliko anayejibu kwa tabasamu.

Kwa mzazi asiyejua Kiingereza, lugha ni sehemu ya matibabu. Mkazi ana haki ya kuelezwa hali yake kwa lugha anayoielewa, na makao yanayopokea fedha za serikali hayaruhusiwi kumtegemea mjukuu wa miaka kumi kama mkalimani. Uliza wanatumia huduma gani ya ukalimani kwa simu, na kama chakula kinaweza kufuata dini na desturi ya mkazi, kwa mfano Mwislamu asiyekula nguruwe, kwani kanuni zinataka mahitaji hayo yazingatiwe.

Ngozi, uzito na dawa

Mzazi akishaingia, mambo haya matatu ndiyo yatakayokuambia ukweli mapema zaidi. Vidonda vya kulalia hutokea pale mgonjwa asiyeweza kujigeuza anapoachwa katika mkao mmoja, na mafunzo mengi ya uuguzi yanaeleza kwamba huanza kwa wekundu usiofifia ukibonyezwa. Katika ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, na hapo ndipo wazee wetu hupata hasara, kwa kuwa kidonda hugunduliwa ngozi ikiwa imeshapasuka. Kagua visigino, nyonga na sehemu ya juu ya makalio kwenye mwanga mzuri, ukitafuta eneo lililokoza rangi au kuwa la zambarau, lenye joto, gumu au lililolainika kuliko ngozi ya jirani, na utake liandikwe katika faili siku hiyohiyo.

Uzito uombe kwa namba. Kupoteza asilimia 5 kwa mwezi mmoja au asilimia 10 kwa miezi sita huhesabiwa kuwa upungufu mkubwa; kwa mama wa kilo 60, ni kilo 3 tu kwa mwezi. Kuhusu dawa, uliza kama mzazi mwenye ugonjwa wa kusahau anapewa dawa za kutibu wendawazimu ili atulie. Mamlaka ya dawa ya Marekani imetoa onyo tangu 2005 kwamba dawa za aina hiyo huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye ugonjwa huo. Mzee aliyekuwa akizungumza na sasa analala mchana kutwa asikubaliwe kuwa ni uzee tu.

Mkataba na mikutano

Makao hayaruhusiwi kumlazimisha mtoto kuwa mdhamini wa deni kwa fedha zake binafsi ili mzazi apokewe. Kifungu cha kupeleka migogoro kwa msuluhishi badala ya mahakama hakiwezi kuwa sharti la kupokewa, na aliyekisaini ana siku 30 za kukifuta.

Mpango wa awali wa huduma unapaswa kuandikwa ndani ya saa 48 tangu mzazi apokewe, tathmini kamili ndani ya siku 14, na mpango kamili ndani ya siku 7 baada ya tathmini hiyo, kisha hupitiwa katika mkutano kila robo mwaka. Hudhuria, hata kwa simu, na usiondoke na maneno kama "tutamfuatilia". Dai kuandikwa nani atafanya nini na mara ngapi. Lalamiko lianzie kwa muuguzi wa zamu, lipande kwa mkuu wa wauguzi, na likikwama lipelekwe kwa ombudsmani wa makao ya wazee, yaani mtetezi wa wakazi, ambaye yupo katika kila jimbo, hatozi ada na hutunza siri, au kwa idara ya ukaguzi ya jimbo. Palipo na kipigo au hatari ya sasa hivi, piga 911 kwanza.

Kumhamisha mzee ni uamuzi mzito, hasa kwa mwenye ugonjwa wa kusahau, ambaye mazingira mapya humvuruga, na upungufu mdogo unaorekebishwa haustahili gharama hiyo. Vidonda vinavyoongezeka, uzito unaoshuka bila maelezo na wahudumu wapya kila juma vikija pamoja, vinastahili. Katika hali hiyo omba kwa maandishi nakala za faili, ambazo mkazi au mwakilishi wake wa kisheria anapaswa kupatiwa ndani ya siku mbili za kazi, na uziwasilishe kwa makao mapya kabla ya siku ya kuhama ili dozi za dawa na hali ya ngozi zijulikane siku ya kwanza.