Somo: Kompyuta ya zamani imekuchosha. Uitibu, au ununue mashine kubwa ya gemu?

Mdogo wangu wa kiume alinitumia picha akiwa dukani mjini: kasha la kioo, feni sita za taa, kadi ya picha (ile inayochora gemu kwenye skrini) nene kama tofali. Bei milioni sita na laki nane. Chini yake ameandika, "Dada, hii ndiyo dawa."

Nyumbani Kirumba tulikuwa na Dell OptiPlex 7010, zile za ofisini zilizotoka mwaka 2012. Mchana nakatia video za harusi na kipaimara, usiku yeye anacheza gemu. Kuwaka ilikuwa inachukua dakika nne. Hela tulikuwa nayo, tuliichanga miaka miwili, lakini sikumjibu siku ile. Nilimwomba wiki mbili tuichunguze kwanza hii ya zamani. Somo hili limetoka kwenye wiki hizo mbili, na naliandika kwa kirefu kwa sababu nimeona vijana hapa Mwanza wanavunja kibubu, wananunua mashine ya kutisha, kisha kile kilichowakera kinabaki palepale.

Hatua ya 1: Jua kilichozeeka ni kipi

Kompyuta haizeeki yote kwa pamoja. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa mpigo, Task Manager ifunguke, nenda sehemu ya Performance, uiache wazi. Sasa fanya ile kazi inayokutesa, huku ukiangalia namba.

Diski ikigonga asilimia 100 wakati prosesa (ubongo wa kompyuta) iko 15, mgonjwa wako ni hadidiski, yaani ghala la mafaili. Ramu (kumbukumbu ya muda ya kazi zilizo wazi) ikijaa hadi juu, Windows huanza kuhamishia mzigo kwenye diski, na hapo kila kitu kinatambaa. Kwa upande wa gemu kuna kipimo kimoja ninachokipenda kwa sababu hakidanganyi: shusha ukubwa wa picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Fremu (picha zinazotoka kila sekunde) zikipanda sana, kadi ya picha ndiyo iliyokuwa inalemewa. Zisipopanda, prosesa imefika mwisho, na ukiweka kadi mpya humo hutaona tofauti ya maana.

Andika matokeo kwenye daftari. Sisi tuliandika: diski 100, ramu imejaa (ilikuwa GB 4), prosesa ina joto kuliko kawaida.

Hatua ya 2: Fungua kasha

Vumbi la Mwanza lina wadudu ndani yake. Mnaokaa karibu na maji mnawajua wale wadogo wa ziwani; siku wakiinuka unaona kama nguzo za moshi zimesimama juu ya ziwa. Usiku wanafuata taa, wanapenya wavu wa dirisha, na feni ya kompyuta inawavuta ndani.

Nilipong'oa feni ya prosesa nilikuta katikati ya mapezi ya chuma pameziba kabisa. Wadudu na vumbi vilikuwa vimeshikana kama pamba ya mto iliyolowa ikakauka. Nilikivuta kwa kibanio cha nyusi, kikatoka kipande kimoja cha duara, kama kifuniko. Chini yake ile pesti ya kupitishia joto kutoka kwenye prosesa ilikuwa imekauka, inabanduka kama chokaa ukutani. Nilisafisha kwa spiriti na kitambaa kikavu, nikaweka pesti mpya kiasi cha punje ya choroko, nikafunga. Ukipuliza kwa mashine ya upepo, zuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke ovyo, maana yakienda kasi kupita kiasi beringi zinaumia.

Joto likashuka kutoka nyuzi 91 hadi 66. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, kwa hiyo wapo watu wenye mashine nzima kabisa wanaoziona ni nzee kwa sababu ya uchafu tu. Kasha la kioo la milioni sita nalo linavuta wadudu walewale. Tena feni zikiwa sita bila vichujio, litavuta zaidi.

Hatua ya 3: Jaribu dawa ndogo kabla ya kubwa

Weka SSD, diski ya aina mpya. Hadidiski ya kawaida ina sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika na sindano inayosogea kutafuta data. Kila ikitafuta kinapita kitu kama milisekunde 10 hadi 15. SSD haina kinachozunguka, inajibu chini ya milisekunde moja. Windows ikiwaka inasoma maelfu ya mafaili madogo, na kungojea huko kidogokidogo ndiko kulikotugharimu zile dakika nne.

Tuliweka SSD ya SATA (inayochomekwa kwenye waya uleule wa hadidiski) na ramu za mtumba za DDR3, aina inayoingia kwenye mashine za wakati ule, kufikisha GB 16. Mashine ikaanza kuwaka kwa sekunde 25. Mdogo wangu aliizima na kuiwasha mara tatu mfululizo, haamini.

Ukifika hapa na kazi zako ni kuandika, mahesabu ya duka, masomo na filamu, hela yako weka benki. Gemu za zamani nazo zitakwenda.

Hatua ya 4: Tambua ukuta

Kuna vitu havitibiki, na kuvijua mapema kunaokoa hela zaidi ya hatua zote. Kwetu vilikuwa vinne.

Video. Simu na drone za siku hizi zinarekodi kwa H.265, namna ya kubana video. Prosesa za Intel zilianza kuisoma H.265 kwa uwezo wa chipu yenyewe kwenye kizazi cha 6, mwaka 2015. Yetu ni ya kizazi cha 3, inaifungua kwa nguvu za mikono, ndiyo maana bibi harusi wangu alikuwa anatembea kwa kurukaruka kwenye skrini.

Gemu mpya. Baadhi zinadai maagizo ya prosesa yanayoitwa AVX2, ambayo Intel iliyaleta mwaka 2013. Prosesa isiyo nayo haichezi polepole. Gemu inakataa kufunguka.

Windows. Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0 (sehemu ya usalama ndani ya kompyuta) na, kwa Intel, kwa ujumla prosesa ya kizazi cha 8 kwenda mbele.

Umeme wa ndani. OptiPlex ile ndogo ina pawa saplai (kile kinachogawa umeme ndani) ya wati 240 na haina waya wa ziada wa kadi ya picha. Kadi pekee utakayoweka ni ile inayokunywa umeme wa sloti tu, wati 75, na iwe fupi. GTX 1650 ya namna hiyo ipo, na ukikuta yenye bei nzuri inaongeza uhai. Juu ya hapo ni ukuta.

Hapo ndipo nilipokubaliana na mdogo wangu kwamba tunahitaji mashine nyingine. Lililobaki ni kujua kubwa kiasi gani.

Hatua ya 5: Anza na skrini, kisha intaneti

Skrini yetu ni 1920 kwa 1080, Hz 60, yaani inabadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Hiyo 1920 kwa 1080 ni nukta milioni 2 na kidogo. Ya 4K ina milioni 8.3, mara nne kamili. Zile kadi kubwa zimetengenezwa kwa ajili ya hizo nukta milioni nane, au kwa skrini za Hz 144 kwenda juu. Ukiichomeka kwenye skrini ya Hz 60, kadi inatoa fremu 200 na skrini inakuonyesha 60. Yeyote anayetaka mashine ya juu lazima ahesabu na bei ya skrini humohumo.

Kuhusu kucheza mtandaoni, seva nyingi (kompyuta za kampuni za gemu) ziko mbali. Chukua iliyoko Johannesburg: kutoka Mwanza ni kama kilomita 2,700 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyaya za intaneti husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 27 hata kama njia ingekuwa imenyooka, na haijanyooka. Kadi ya milioni nne haipunguzi hata milisekunde moja ya hizo.

Hatua ya 6: Luku

Mashine kubwa ikicheza gemu nzito hula kama wati 500. RTX 5090, iliyotoka Januari 2025 kwa dola 1,999 za Marekani, imepangiwa wati 575 kadi peke yake. Chukua wati 500 kwa saa nne kila siku: uniti 2 kwa siku, 60 kwa mwezi. Kwa tarifa ya kawaida ambapo uniti moja ni kama shilingi 350, ni shilingi 21,000. Ile ya zamani kwa saa hizohizo ni uniti 9 au 10. Na wati zote hizo zinaishia kuwa joto chumbani. Anayelala chini ya bati Mabatini au Igogo anajua naongelea nini.

Hapa nina kidonda. Mwaka juzi niliuziwa pawa saplai yenye karatasi ya wati 500, nyepesi kama boksi tupu. Umeme ulikatika jioni, uliporudi ukarudi na kishindo, ikalipuka na kuondoka na hadidiski iliyokuwa na harusi mbili ambazo wenyewe hawajakabidhiwa. Nililia. Familia moja hawakuwa na nakala nyingine ya siku ile. Tangu hapo naiweka pawa saplai ya maana mbele ya kadi ya picha kwenye bajeti, na nakala ya kazi iko kwenye diski isiyochomekwa.

Hatua ya 7: Kununua

Tulichukua mashine ya kati: prosesa ya Ryzen 5 5600, kadi ya picha RTX 3060 ya GB 12 ambayo ni mtumba, ramu GB 32, pawa saplai ya wati 650 kutoka kampuni inayojulikana. Kadi hiyo imepangiwa wati 170. Nusu ya bei ya ile ya kioo, na chenji ikanunua stabilaiza na UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika).

Ukinunua mtumba, usiridhike na kuona taa zinawaka. Omba ichezeshwe gemu nzito nusu saa mbele yako, simama hapo, sikiliza feni, tazama joto. Muuzaji mwaminifu hachukii. Na kuhusu ramu: tangu mwishoni mwa 2025 bei zimepanda sana duniani, viwanda vinapeleka chipu nyingi kwenye vituo vya akili mnemba. Madabodi (bodi kuu ya kompyuta) inayotumia DDR4, ramu za kizazi cha kabla ya hiki, bado ni chaguo la busara kwa mfuko wa kawaida.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Nyegezi: Dada, mimi niko chuo, nina laptopu ya kizazi cha 6. Naweza kuongeza kadi ya picha ndani?

Hapana mdogo wangu. Kwenye laptopu karibu zote kadi imechomelewa kwenye madabodi. Weka SSD, kisha fungua kifuniko cha chini uone kama kuna sloti ya ramu. Nyembamba sana nazo huwa zimechomelewa. Usinunue ramu kabla hujaona sloti kwa macho yako.

Mwanachama, Bukoba: Fundi ananiambia ataniwekea Windows 11 kwa kuruka masharti. Nimkubalie?

Inawezekana na watu wanafanya, ila Microsoft haikuhakikishii masasisho. Kama ni kwa ajili ya gemu, jua kwamba gemu ya Valorant kwenye Windows 11 inataka TPM 2.0 na Secure Boot (ukaguzi wa usalama kompyuta inapowaka). Ukiruka masharti, hiyo hupati. Njia nyingine ni kujiandikisha kwa masasisho ya ziada ya usalama ya Windows 10, yanayofika hadi 13 Oktoba 2026, ujipe muda wa kuchanga.

Mwanachama, Ukerewe: Mkuu, UPS yangu imeandikwa 650. Si inazidi wati 500?

Hiyo 650 ni VA (kipimo kingine cha umeme), si wati. Geuza nyuma usome wati. Nyingi za 650VA zinabeba chini ya 400. Mashine ya wati 500 ikiwa kwenye gemu, umeme ukikatika nayo inazima palepale. Kwa ya kati kama yetu inatosha kuhifadhi kazi na kuzima taratibu.

Mwanachama, Buzuruga: Mimi nachanga kwa ajili ya GTA VI tu. Ninunue sasa?

Usinunue. Imetangazwa kwa PlayStation 5 na Xbox Series. Ya kompyuta haijatangazwa, kwa hiyo hata mahitaji yake hayajulikani. Ukinunua leo unanunua kwa kukisia.

Mwanachama, Sengerema: Mwanangu, mimi ni mzazi. Kijana wangu amepata uhandisi, anasema bila mashine ya milioni saba hawezi kusoma. Ni kweli?

Shikamoo baba, na hongera kwa kijana. Mwaka wa kwanza hahitaji ya milioni saba. Mwambie aende idarani aombe majina ya programu watakazotumia na mwaka watakaoanza kuzitumia. Kila programu ina ukurasa wa mahitaji yake: prosesa, ramu, kadi. Mwulize pia atakaa wapi, maana mashine ya mezani haibebeki kwenda darasani, na hosteli nyingine hazina umeme wa uhakika. Akikuletea orodha, iandike hapa, tutaipitia jina kwa jina kabla hujatoa hela.