Jinsi ya kuthibitisha chanzo kipya cha eksirei katika galaksi ya jirani

Eksirei zitokazo angani hazifiki Lubumbashi wala mahali pengine popote ardhini, kwa kuwa hewa huzinyonya. Kwa hiyo anayetafuta vyanzo vyake hutegemea data za vyombo vilivyo angani, ambazo baada ya muda hufunguliwa kwa watu wote. Nitatumia mfano wa M83, galaksi iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 15 hivi, ambamo mwaka 2010 darubini ya eksirei ya angani iitwayo Chandra ilionyesha chanzo kilichoongezeka mng'ao angalau mara 3,000.

Hatua ya 1. Pakua picha mpya na picha zote za zamani za galaksi hiyo, za Chandra na za darubini nyingine ya eksirei, XMM-Newton, vyombo vilivyorushwa mwaka 1999. Faili ni nzito, hivyo ni heri kununua mega za usiku na kutumia programu inayoendelea ilipoishia umeme ukikatika.

Hatua ya 2. Bakiza fotoni (chembe za mionzi) zenye nishati ya kiloelektroni-volti 0.5 hadi 7, kisha zifungue picha mbili, mpya na ya zamani, sambamba katika DS9, programu ya kutazamia picha za anga. Kumbuka kwamba Chandra hutenganisha nukta zilizoachana kwa nusu sekunde ya tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii), ilhali doa moja la XMM-Newton laweza kuficha vyanzo viwili au vitatu.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo wengi hupaharakisha. Kusema "zamani hakikuwapo" hakutoshi. Ni lazima kutokuwapo huko kupewe tarakimu. Hakikisha kwanza kwamba mahali hapo hapakuangukia ufa ulio kati ya vipande vya kamera. Kisha chora duara dogo mahali palepale katika picha ya zamani na uhesabu fotoni. Usipopata hata moja, kikomo cha juu kwa uhakika wa asilimia 95 ni fotoni 3. Kwa sekunde 50,000 za kutazama, hiyo ni 0.00006 kwa sekunde. Ikiwa picha mpya ya kamera ileile inatoa 0.03 kwa sekunde, chanzo kimeongezeka angalau mara 500, na hakuna atakayekubishia.

Hatua ya 4. Linganisha mahali hapo na orodha ya nyota zilizopimwa na chombo cha Gaia, usije ukatangaza nyota ya galaksi yetu wenyewe. Kagua pia kama nyuma yake kuna galaksi ya mbali.

Hatua ya 5. Kokotoa mng'ao kwa L = 4πd²F, ambapo L ni mng'ao, d ni umbali, na F ni fluksi, yaani nishati inayotufikia kwa kila eneo kwa kila sekunde. Kwa umbali wa parseki milioni 4.6 (ndiyo ile miaka ya nuru milioni 15), fluksi ya 10⁻¹² erg kwa sentimita ya mraba kwa sekunde hutoa takriban 2.5 × 10³⁹ erg kwa sekunde, ambao unazidi mpaka wa 10³⁹ wa vyanzo vya mng'ao wa kupindukia. Hata hivyo, nakusihi usiandike "shimo jeusi" kwa sababu ya mng'ao peke yake: mwaka 2014 darubini ya eksirei ya NuSTAR iligundua kwamba chanzo kimoja cha aina hiyo katika galaksi ya M82 hupiga mpigo kila sekunde 1.37, hivyo ni nyota ya nyutroni.

Hatua ya 6. Toa taarifa mapema, kabla chanzo hakijafifia, ukitaja mahali kilipo na kiasi ambacho kipimo hicho kinaweza kukosea, tarehe, fluksi, na kile kikomo cha zamani.